Shangazi alipoanguka mwaloni: simu ilijua, watu hawakujua

Shangazi yangu ana miaka 62, na zaidi ya ishirini ameimalizia mchangani, akinunua dagaa wabichi kwa wavuvi, akiwaanika na kuwauza kwa magunia. Mwaka jana, siku chache baada ya giza la mwezi kuingia na mitumbwi kurudi ziwani, alianguka katikati ya ndoo zake kwenye mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga, wa upande wa Ilemela, Mwanza, Ziwa Victoria. Simu yake ilikuwa kibindoni, ina chaji na ina bando. Ndani yake kulikuwa na jina la ugonjwa wake, kisukari, orodha ya dawa zake, vipimo vya sukari vya miezi saba na namba yangu. Kwa dakika hamsini hakuna hata kimoja kilichomfaa.

Aliyeiandaa simu hiyo ni mimi. Kazi yangu ni ufundi simu, kibanda changu kipo mjini, maeneo ya Makoroboi. Baada ya tukio nilirudi mwaloni kuwauliza waliokuwepo, nikazungumza kwa kirefu na daktari aliyemtibu, kisha nikakaa na simu yenyewe nikiipitia rekodi moja baada ya nyingine. Shangazi ameniruhusu kueleza kwa sharti kwamba jina lake na la mwalo nisiyaandike. Vituo alivyotibiwa navyo sivitaji.

Asubuhi yenyewe

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki kama inavyotakiwa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa, nyavu zinashonwa, mwalo unapoa. Giza likirudi, kila mtu anakimbizana. Siku hizo Shangazi huamka saa kumi alfajiri. Alamu ya simu inalia, anameza vidonge vyake na maji, anapanda bodaboda. Chai ataikuta huko huko kwa mama lishe, akishamaliza kununua.

Siku ile mitumbwi ilichelewa kufika, na ilipofika ilifika mingi kwa pamoja. Chai ikasahaulika.

Wa kwanza kuona kuna jambo alikuwa mama anayeanika naye jirani. Aliniambia hivi: Shangazi alimrudishia mvuvi chenji mara mbili. Ukimfahamu Shangazi, hapo ungesimama. Huyu ni mtu anayehesabu noti gizani kwa vidole bila kukosea. Kisha jasho likaanza kumtiririka usoni, na upepo wa ziwa bado ulikuwa wa baridi. Mikono ikatetemeka. Alipoulizwa kama anaumwa, alijibu habari za gunia la mtu wa Shinyanga. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ikamteleza, akalala ubavu mchangani.

Waliomzunguka kila mmoja alikuwa na lake. Wanaume wawili wasiomfahamu walisema bi mkubwa kalewa, aachwe alale. Mwingine akasema ni kiharusi, asisogezwe. Mama mmoja akaanza kumwombea akiamini ni pepo. Siwalaumu hata kidogo. Sukari ikishuka sana ubongo unakosa chakula, na mtu huyumba, huongea ovyo, hukasirika, hulegea, vile vile kama mlevi. Lakini kila dhana ilikuja na kungoja kwake: mlevi anangojewa azinduke, wa kiharusi anangojewa apatikane mtu wa kumbeba, wa pepo anangojewa maombi yaishe.

Kijana mmoja mbeba ndoo, wa miaka kama kumi na tisa, alisikia simu ikiita kibindoni mwa Shangazi. Aliinama aichukue. Mzee mmoja akamkemea: "Usimguse mama wa watu!" Na sauti nyingine kutoka nyuma: "Anataka kumwibia huyo." Kijana akarudi nyuma kwa hatua tatu. Alinionyesha mahali aliposimama. Kila anayeishi huku anajua neno "mwizi" likishatamkwa kwenye mkusanyiko linaweza kuishia wapi, na kijana yule alilijua pia.

Baadaye yule mama jirani ndiye aliyeitoa simu. Ilikuwa imefungwa kwa mchoro wa nukta tisa. Akajaribu mchoro mara tano, simu ikamwambia asubiri sekunde thelathini. Chini ya kioo kulikuwa na neno moja la Kiingereza la dharura. Alidhani akilibonyeza simu itapigwa polisi, akaogopa kuwaletea watu matatizo. Akairudisha.

Aliyemwokoa ni dereva wa bodaboda anayembeba alfajiri. Hakujua namba ya mtu yeyote wa familia, lakini alijua nyumba. Akaondoka mbio, akarudi na binti wa Shangazi na bajaji.

Alizinduka, kisha akaanguka tena

Kituo cha kwanza walifanya jambo la maana bila kuchelewa: walimtoboa kidole kabla ya kuuliza chochote. Kipimo kilisoma 1.9. Kwa vipimo vyetu vya milimoli kwa lita, chini ya 3.9 sukari tayari imeshuka, na chini ya 3.0 ni hatari inayohitaji hatua pale pale. Wakampa dripu ya glukosi kwenye mshipa. Dakika chache baadaye alifumbua macho akauliza ndoo zake ziko wapi. Kipimo kilichofuata kilikuwa 8.4.

Wakauliza anatumia dawa gani. Binti akasema za sukari, vidonge vyeupe. Shangazi, bado kichwa kizito, akataja metformin, kwa sababu ndiyo jina alilolizoea. Hapo ndipo kisa hiki kilipogeukia, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Kwa jibu lile, ilikuwa haki kabisa kwa mhudumu kuona kwamba mama huyu amefunga kula na amefanya kazi nzito, basi. Akala, akapumzika, mchana akaruhusiwa.

Dawa ambayo haikutajwa ni glibenclamide. Hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu, na nguvu yake inaweza kuendelea hadi saa 24. Glukosi ya dripu huisha upesi, kidonge bado kipo kazini. Ndiyo maana mgonjwa aliyeangushwa na dawa za kundi hili hubakizwa wodini hata akionekana mzima kabisa.

Saa moja jioni, nyumbani, alamu ya simu ililia. Ile niliyoiweka mimi, yenye maandishi "Kunywa dawa" na picha ya kidonge niliyompigia mwenyewe mezani kwake. Shangazi ni mtu wa kufuata maelekezo. Akameza.

Nimeliandika hili na mkono mzito. Alamu haikujua kwamba aliyekuwa akikumbushwa ameangushwa asubuhi na kidonge hicho hicho. Nilipoiweka nilifikiria siku atakayosahau dawa. Siku ambayo dawa isingetakiwa kumezwa haikunijia kichwani.

Saa tano usiku binti alimsikia akikoroma vibaya, shuka limelowa jasho. Mashine ya nyumbani ikasoma 2.6. Alipotikiswa aliitika na bado alikuwa anameza, kwa hiyo walimpa soda kidogo kidogo, kisha uji wenye sukari, na jirani akawasha gari. Safari hii alilazwa siku mbili.

Nilifika hospitali saa saba usiku. Daktari aliuliza mambo matatu: dawa gani, tangu lini, na figo zikoje. Nikachora mchoro, simu ikafunguka. Kwenye programu ya sukari kulikuwa na orodha: metformin, glibenclamide miligramu 5 asubuhi na jioni, dawa ya presha. Na kwenye picha, katikati ya picha za sendofu ya binti wa jirani, kulikuwa na karatasi ya maabara ya miezi mitatu nyuma, imepigwa upande, kona moja imekunjika. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, 131. Daktari aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama, akaomba nimtumie. Akanieleza kwamba figo za Shangazi zimepungua nguvu, kwa hiyo dawa ile inakaa mwilini kuliko inavyotakiwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema glibenclamide haifai kwa waliovuka miaka 60, na badala yake inataja gliclazide, dawa ya kundi hilo hilo. Akaifuta glibenclamide, akapunguza metformin kwa ajili ya figo, akapanga aonekane tena kliniki kabla ya kuongezewa chochote.

Kazi yote hiyo ya kusoma simu ilimchukua daktari dakika kama mbili.

Wastani uliotudanganya

Nilidhani tatizo lilianza siku ile. Halikuanza siku ile. Nilipozipitia rekodi za miezi saba niliona kwamba simu ilikuwa ikitueleza muda wote, na sisi tulikuwa tunasoma mstari usiohusika.

Programu ile kila Jumapili ilitoa wastani wa wiki kwa herufi kubwa za kijani. Shangazi alikuwa akinitumia picha ya kioo kwa WhatsApp, nami namjibu hongera. Wiki moja ya giza kabla ya tukio wastani ulikuwa 6.4. Tukafurahi. Sasa tazama kilichokuwa chini ya namba hiyo: 3.7, 9.8, 4.0, 8.9, 3.6, 9.1, 5.7. Jumla ni 44.8, gawa kwa saba unapata 6.4 kamili. Asubuhi mbili alikuwa tayari chini ya 3.9, na moja amesimama ukingoni. Jioni alikuwa juu. Ukichanganya shimo na kilima unapata uwanda.

Stripu za kupimia ni ghali, kwa hiyo hupima mara moja kwa siku, leo asubuhi, kesho jioni. Nilipozitenga za asubuhi peke yake na kuziweka mbele ya kalenda, kuna kitu kilijitokeza ambacho sijawahi kukiona kwenye maelezo yoyote ya programu hizi. Namba za asubuhi zilikuwa zinafuata mwezi. Siku za mbalamwezi, anapolala nyumbani na kunywa chai kwa wakati: 6.8, 7.2, 6.5. Siku za giza, anapoamka saa kumi na kukimbilia mchangani na maji tu tumboni: 4.1, 3.8, 3.6. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Miezi saba, mawimbi saba.

Nilimwonyesha daktari. Akasema mgonjwa angeweza kuulizwa kliniki mwaka mzima kama anakula vizuri na angejibu ndiyo, kwa sababu kliniki huenda siku ambazo hana kazi, yaani siku za mbalamwezi.

Kwa hiyo sasa tunaangalia namba ya chini kabisa ya wiki kabla ya kitu kingine chochote, na kila kipimo kina neno moja pembeni: giza au mwezi. Programu ina sehemu ya kuandika maelezo mafupi. Tangu mwanzo ilikuwepo, tulikuwa tunaiacha tupu.

Kwa kuwa wateja wananiuliza kila wiki, niliseme hapa hapa. Simu haipimi sukari. Inaweza kuhesabu hatua, inaweza kukisia mapigo ya moyo kwa kamera na taa yake, na inaweza kutunza namba unazoipa. Namba ya sukari hutoka kwenye tone la damu au kwenye kihisio kinachopenya ngozi. Saa na pete zinazouzwa kwa maneno kwamba zinasoma sukari bila kutoboa, msizinunue. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha hata moja. Mtu akimeza dawa au kujichoma insulini kwa kufuata namba ya saa hiyo anaweza kuishia mahali alipoishia Shangazi, au pabaya zaidi.

Kwa nini haikusomeka

Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa wa Uingereza, Bob Brotchie, aliwahimiza watu waweke herufi ICE, kifupi cha Kiingereza cha "ikitokea dharura", mbele ya jina la ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura, ili mwokoaji akiifungua simu alione mara moja. Lilikuwa wazo zuri kwa simu za wakati ule, ambazo nyingi hazikufungwa. Simu zilipojaa siri na pesa, watu wakazifunga, na jina la ndugu likafungiwa ndani pia. Watengenezaji wakalijibu hilo kwa ukurasa wa dharura unaosomeka hata simu ikiwa imefungwa: Apple waliuweka mwaka 2014, Android mwaka 2016 kwenye toleo la saba. Ukurasa huo hubeba jina, magonjwa, dawa, mzio na ndugu wa kupigiwa, na ndugu huyo hupigiwa bila kufungua simu.

Simu ya Shangazi ilikuwa nao. Sikuujaza. Nilijaza programu ya sukari kwa saa nzima, kila kidonge na kipimo chake, halafu nikaweka mchoro juu yake. Na mchoro sikuuweka kwa ujinga: mtaji wa Shangazi uko kwenye simu hiyo, na pesa za simu za watu zimeibwa sana. Hata leo sitamshauri mtu aache kufunga simu.

Hata ningeujaza, nina shaka kama ungesomwa asubuhi ile, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kwa kuwauliza watu kuliko kwa kuishika simu. Neno la kuufikia lilikuwa la Kiingereza. Aliyeliona alidhani ni la polisi. Simu ilikuwa kibindoni kwa mama mtu mzima, na hakuna mwanaume mwenye adabu atakayeingiza mkono huko. Na kijana aliyekuwa tayari kufanya hivyo kwa nia njema aliitwa mwizi. Ukurasa umetengenezwa kwa ajili ya mwokoaji mwenye sare anayejua pa kubonyeza. Kwetu, anayefika kwanza ni mbeba ndoo.

Namba ya dharura 112 hupigika hata simu ikiwa imefungwa, na inafaa watu waijue. Namba 115, ambayo wengi wanaijua kwa jina la m-mama, ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mwaloni waliitaja, lakini haikuwa ya mgonjwa kama Shangazi.

Maandishi ya kioo

Shangazi alipopata nguvu tulikaa kibarazani kwake, simu katikati yetu. Kwanza nikabadilisha lugha ya simu nzima kuwa Kiswahili. Nikaingia Mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, nikajaza ukurasa ule kwa ajili ya daktari: kisukari aina ya pili, presha, figo zimepungua nguvu, dawa na vipimo vyake, hana mzio. Kundi la damu niliacha mwisho kabisa, maana hospitali hawaongezi damu kwa kusoma simu. Wanapima wenyewe kila mara. Namba za ndugu nikaweka tatu: ya binti yake, yangu, na ya yule dereva wa bodaboda. Mlio mbali kidogo na mtu wenu mnaweza kushangaa kuwekwa dereva. Yeye ndiye aliyefika.

Simu nyingine huficha sehemu hiyo mahali pengine, za zamani huiweka kwenye maelezo kuhusu simu. Kwa iPhone ni kwenye programu ya Afya, na lazima uwashe ionekane simu ikifungwa. Aliye na kitochi aandike jina la ndugu kwa kuanza na AA, "AA Dharura Binti", likae juu ya orodha.

Lakini kilichotuchukua mchana mzima ni yale maneno ya kwenye kioo kilichofungwa, yanayoonekana bila kubonyeza kitu. Nilianza mimi, kwa neno la kitaalamu la sukari kushuka: "Mgonjwa wa kisukari aina ya pili. Hatari ya haipoglisemia." Shangazi alivaa miwani, akasoma, akanitazama.

"Mwanangu, nani mwaloni analijua neno hili? Andika sukari."

Nikaandika: "Nina sukari." Akasema hapana, wakisoma nina sukari watasema basi asipewe kitu kitamu, na soda wataificha. Hilo lilinigonga. Ni kweli kabisa. Jirani yeyote angesema hivyo, maana miaka yote tumefundishwa kwamba mwenye sukari haruhusiwi sukari. Akaagiza mwenyewe neno kwa neno, nami nikiandika:

"SIJALEWA. SUKARI YANGU IMESHUKA. KAMA NAMEZA, NIPENI SODA TAMU AU MAJI YENYE SUKARI. KAMA SIMEZI, MSINIPE KITU, NIKIMBIZENI HOSPITALI."

Chini yake namba ya binti, na mstari wa mwisho niliouongeza mimi: "Bonyeza DHARURA, si polisi."

Niliuliza daktari kama maneno hayo ni salama. Akakubali, na akanisisitizia ile sehemu ya kumeza, kwa sababu soda ikimiminwa kinywani mwa mtu aliyezimia inaweza kuingia mapafuni. Kwa anayemeza, kiasi cha kuanzia ni gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu hivi, au soda chini kidogo ya nusu chupa ya mililita 350, na isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, arudiwe. Ikipanda, ale chakula. Hayo kwenye kioo yasingetosha. Tukayaandika kwenye karatasi ngumu yenye nailoni, iliyo nyuma ya simu, ambayo haihitaji chaji.

Kisha tukaenda mwaloni kujaribu. Nilimpa yule kijana mbeba ndoo simu, nikamwambia: fikiri mama ameanguka, fanya kitu. Jua la saa nne lilikuwa linapiga mchanga, kioo kimepungua mwanga, na maandishi meupe nilikuwa nimeyaweka juu ya picha ya mjukuu aliyevaa gauni la njano. Hakuona kitu. Akaigeuzageuza, akaiweka kivuli cha kifua chake, akasoma kwa kuungaunga. Ikabidi niyageuze maneno yawe picha: herufi nene nyeusi juu ya karatasi nyeupe, zijae kioo kizima. Mjukuu akahamia ndani ya simu. Jaribio la pili kijana alisoma kwa sauti mpaka waliokaa kwenye mtumbwi wakageuka.

Kibindo nacho tulikiacha. Simu sasa inakaa kwenye mfuko wenye kamba shingoni, juu ya nguo, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuishika bila kuvunja heshima. Shangazi alisimama mbele ya wenzake wa mchangani akawaambia kwa mdomo wake mwenyewe: nikianza kukosea chenji, ujue ninaanguka, shikeni hii, na huyu kijana akiishika, asiitwe mwizi. Mama lishe amepewa soda mbili za akiba, zimelipiwa.

Alamu tulibadilisha maneno tu, lakini maneno hayo tuliyafikiria kuliko kitu kingine. Sasa inaandika: "Umekula? Umepima? Leo umeumwa? Kama sukari ilishuka leo, usimeze, mpigie daktari kwanza." Na asubuhi za giza inalia mara ya kwanza kwa ajili ya uji, dawa inakuja baadaye. Wengine wanaotumia dawa tofauti wasiige maneno haya. Waulize kliniki yao, kwa sababu kuna dawa ambazo kuziacha hata siku moja ni hatari.

Tangu nieleze habari hii, watu wamekuja kibandani kuandikiwa maneno ya kioo. Mmoja ana mzio wa dawa za salfa, alishawahi kuchubuka ngozi mwili mzima. Huyo tulimwandikia herufi kubwa bila kusita. Mwingine, mvuvi kijana, alisubiri wateja waishe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dawa za kufubaza VVU nazo ziandikwe. Nilimwambia ukweli wote wa pande mbili: daktari angenufaika kuzijua, na kioo cha simu kinasomwa na kila mtu mwaloni. Taarifa za afya za mtu ni zake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hata anayezitunza kwa niaba yake anabanwa, mimi fundi nikiwemo. Tukaamua kuandika "Kuhusu dawa zangu muulizeni dada yangu", na namba ya dada, ambaye anajua kila kitu na hulala na simu wazi. Aliondoka akiwa ametulia. Wanaokuja namna hiyo siku hizi nawahudumia saa za jioni, pazia likiwa limeshuka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Shangazi. Kliniki walikuwa wamemwanzishia gliclazide kwa dozi ndogo, wiki tatu zilikuwa zimepita. Nikaomba simu, nikafungua ukurasa wa dharura. Dawa hiyo haikuwepo. Orodha ilikuwa ile ile ya siku tuliyokaa kibarazani. Nikaiandika pale pale nikiwa nimesimama, na juu kabisa, kabla ya jina lake, nikaweka tarehe. Sasa ukurasa huo unafunguliwa siku ya kwanza ya kila giza, yeye anasoma kwa sauti kutoka kwenye pakiti za dawa, binti yake analinganisha na kioo. Giza lililopita walinipigia saa mbili usiku. Kila kitu kililingana, na asubuhi yake, baada ya uji, alipima 6.1.